Kirikuu yangu ilikuwa inalia kila nikibadili gia: uzoefu wangu na fundi wa Ngamiani anayepima kwanza

Hii naiandikia wenzangu wa Tanga wenye kirikuu au gari yoyote ya klachi, maana nimeona watu wengi wanashushiwa gia boksi bila sababu ya maana na yangu nayo ilikuwa inaelekea huko huko.

Gari ni Suzuki Carry, kazi yake kubwa machungwa, natoa Muheza naleta mjini, na msimu ukichanganya naingia mpaka njia za kupandia Amani huko kwenye vilima na kona na tope ikinyesha. Naendesha mwenyewe. Sasa ikaanza kelele, na zilikuwa kelele mbili ila mwanzoni nilizisikia kama moja, yaani ukiingiza gia ya pili inakwaruza kwaraaa, halafu ukiachia klachi gari ikitaka kuvuta unasikia ko! kule chini ya bodi. Rivasi ndo balaa kabisa, pale sokoni Mgandini nikirudi nyuma watu wanageuka kutazama.

Gereji ya kwanza niliyopeleka jamaa aliwasha, akaingiza gia mara mbili, akazima, akaniambia mama hili boksi limeisha, tafuta la mtumba laki nne na nusu, ufundi laki. Nikamuuliza kilichokufa ndani ni nini hasa, akanijibu hayo ni mambo ya kiufundi. Kusema kweli iliniuma, maana hela ni yangu na gari ni yangu, kwa nini nisielezwe? Nikaondoka na gari yangu inakwaruza vile vile.

Dereva wa bajaji ndo akanielekeza kwa huyu wa Ngamiani, yuko ndani ndani kwenye zile barabara za namba, kibanda cha mabati na kijana mmoja anayejifunza. Kitu cha kwanza alichoniambia baada ya salamu (na salamu zenyewe ndefu, mambo ya Tanga) ni kwamba kupima ni elfu 15, ukitengeneza kwake inakatwa kwenye ufundi, ukiamua kwenda kwingine yake ameshakula. Wapo wanaolalamika eti fundi gani anakutoza kutazama tu. Mimi naona ni haki kabisa, maana fundi anayelipwa kwa kupima hana haja ya kukutafutia kitu cha kufungua.

Akaniambia dada'angu kaa hapo hapo kwenye usukani, wewe ndo utanipimia. Akaanza na gari imezimwa, ingiza gia zote moja moja, zikaingia laini kabisa hata ya pili. Washa, weka frii, achia klachi, akainamisha kichwa anasikiliza, kanyaga klachi mpaka chini, achia tena. Akanieleza kwamba kama ingekuwa inavuma kwenye frii halafu ukikanyaga klachi inanyamaza basi ni bearing ya shafti ya kuingilia kwenye boksi, na kama inanyamaza ukiachia lakini inalia ukikanyaga basi ni rilizi bearing, ile inayosukuma klachi ukikanyaga. Yangu haikubadilika popote, kwa hiyo vyote viwili vikatoka kwenye hesabu bila kufungua hata nati moja!

Halafu ikaja ya rivasi. Kanyaga klachi, shikilia hapo hapo uhesabu taratibu mpaka tano, ndo uingize. Ikakwaruza vile vile. Hapo ndo akasema klachi haiachii yote. Nilivyomuelewa mimi ni hivi, rivasi kwenye gari nyingi haina ile ringi ya kulinganisha mwendo wa gia ambayo wenyewe wanaita sinkronaiza, kwa hiyo klachi ikibana kidogo tu rivasi ndo ya kwanza kupiga kelele, na kama klachi inaachia vizuri basi ukisubiri kidogo gia za ndani zinasimama na inaingia kimya. Yangu ilikuwa waya wa klachi umelegea kwa kutumika. Akaukaza kwenye nati yake, akaacha kanyagio lina uchezaji mdogo pale juu, akasema ukikaza mpaka uchezaji uishe kabisa klachi itaanza kuteleza na rilizi bearing itazunguka muda wote mpaka ife. Tukajaribu tena rivasi, kimya. Kazi ya dakika chache na spana.

Ile ko! sasa. Matairi akayawekea mawe, gari frii, hendibreki juu, akaingia chini akaniita na mimi nichungulie. Akashika propela, lile bomba refu linalopeleka nguvu kutoka kwenye boksi mpaka magurudumu ya nyuma, akaizungusha kwa mkono kushoto kulia, unaona kabisa upande mmoja unasogea kwanza ndo wa pili unafuata, na pale kwenye krosi, kile kiungo cha propela kinachojipinda, kuna vumbi jekundu la kutu limezunguka vikombe vyake. Hilo vumbi ndo dalili kwamba grisi imekauka ndani na zile sindano za bearing zake zinasagana. Kumbe ile ko! ni nafasi hiyo inajazwa kila ukiachia klachi. Hata hivyo hakuishia hapo, akamwambia kijana atazame injini wakati mimi naachia klachi kidogo kidogo nimeshika breki, kuona kama inaruka kwenye mauntingi zake, zile raba zinazoishikilia, maana mauntingi ikikatika nayo inagonga hivyo hivyo. Ilikuwa imetulia.

Kwenye oili ndo nilijifunza kitu ambacho kila mwenye gari ya klachi angekijua. Alifungua kwanza nati ya kujazia, ya kumwagia baadaye, kwa sababu ukimwaga kwanza halafu ile ya juu ikagoma kufunguka umebaki na gari haina oili na haina pa kuwekea. Akaingiza kidole, oili ilitakiwa ifike kwenye tundu, haikufika. Ilikuwa inavujia kwenye sili, ile raba ya kuzuia oili, ya nyuma ya boksi pale propela inapoingia, akasema krosi ikifa propela inatetemeka na mtetemo unaila ile sili. Oili ikamwagwa, ilikuwa na vumbi laini la dhahabu dhahabu, hiyo ni shaba ya ringi za sinkronaiza, vipande vya chuma hamna. Kwa hiyo boksi liliambiwa limeisha na bado lina uhai wake.

Spea ananunua mwenyewe mwenye gari, krosi ya zamani unaenda nayo mkononi kama sampuli, na hilo nimelipenda. Nilirudi na oili ya GL-5 akanirudisha dukani, anataka 75W-90 (huo ndo uzito wa oili) ya daraja la GL-4, kwamba dawa zilizomo kwenye GL-5 nyingine zinaweza kuishambulia shaba. Krosi elfu 28, sili elfu 8, oili lita mbili elfu 30, ufundi elfu 50 na humo ndani imo ile 15 niliyokwishatoa. Haikufika laki na ishirini, linganisha mwenyewe na ile laki tano na nusu.

Yasiyonifurahisha yapo. Aliniahidi Jumanne gari ikatoka Alhamisi, nikakodi kirikuu ya mtu kwa sababu machungwa hayasubiri, na simu hapokei kabisa akiwa chini ya gari. Risiti hakuna, ukitaka kumbukumbu andika mwenyewe. Ijumaa anafunga mpaka baada ya sala, hilo si kosa ila lijue upange safari yako.

Na gari haijawa mpya. Gia ya pili asubuhi ikiwa baridi bado inakwaruza kidogo ukiivuta haraka, alinieleza kabla hata ya kupokea hela kwamba ringi yake imelika na oili mpya itapunguza tu, nipumzike kidogo kwenye frii kabla ya kuingiza, na siku ikianza kujichomoa yenyewe kwenye mwendo au kukwaruza hata nikiingiza taratibu ndo nimletee tushushe boksi. Nampa nyota nne kati ya tano, hiyo moja ni ya zile siku mbili za machungwa.

Ukienda nenda asubuhi, na usipitishe gari kwenye kuosha chini kwanza, maana ile kutu ya kwenye krosi na njia ya oili inapovujia ndo vitu anavyovitazama akiingia tu.