Uzoefu wangu: mtambo wa biogesi wa kuba, Kibosho

Mtambo huu wa kugeuza kinyesi cha ng'ombe kuwa gesi ya kupikia nimeupitisha masika, kiangazi na ile baridi ya Julai ya huku mlimani, kwa hiyo nimeshauona ukiwa mzima na ukiwa unasumbua. Ni wa kuba, meta za ujazo 6, umejengwa kwa tofali na saruji chini ya ardhi, nyuma ya banda. Nina ng'ombe wawili wa maziwa wa kufungia ndani, na mtamba. Ushauri wangu: jenga, ila si kwa sababu alizonipa muuzaji.

Jikoni unafaa. Chai, uji, mtori, mboga, vyote vinaiva na sufuria haishiki masizi. Maharage makavu bado nayabandika kwenye kuni, maana yanamaliza gesi ya jioni yote. Moto ukianza kurukaruka ujue maji yametuama kwenye bomba. Fungua koki ya mtego wa maji, yamwage, moto unatulia. Wakati wa baridi gesi hupungua sana, na hilo hakuna aliyeniambia kabla sijalipa.

Kazi ya kila siku ni kinyesi ndoo moja kwa maji ndoo moja, unakoroga mpaka mabonge yaishe na unatoa majani. Ng'ombe akichomwa sindano ya antibiotiki, tuseme ana ugonjwa wa kiwele, kinyesi chake kiweke kando kwa muda. Dawa hiyo inaua hata vijidudu vinavyotengeneza gesi.

Sasa nije kwenye ile karatasi ya matangazo aliyonipa muuzaji. Imeandikwa kwamba mtambo "unamaliza hewa chafu ya ng'ombe". Si kweli. Hewa hiyo ni methani, ndiyo gesi inayowaka jikoni kwangu. Methani nyingi ya ng'ombe hutokea mdomoni, akicheua na kubeua, wala haifiki kwenye shimo langu. Na kinyesi kilichotandazwa juani hutoa methani kidogo. Kinachotoa nyingi ni kile kilicholowa na kurundikana pasipo hewa. Mtambo ndio shimo la namna hiyo, tena tumelijenga makusudi. Faida inakuja pale gesi inapoungua. Ikivuja, umeongeza tatizo, kwa sababu kwa kipindi cha miaka 100 methani inapasha dunia joto karibu mara 28 kuliko kaboni dioksidi ya uzito uleule, na ukihesabu miaka 20 tu inapita mara 80.

Wangu ulivuja. Harufu ya mayai viza ilikuwa haiishi karibu na valvu kuu, nikapaka povu la sabuni kwenye maungio, mapovu yakavimba mbele ya macho yangu. Kampuni iliyonijengea ilichukua muda kumleta fundi, na alipofika akaniambia, "Mama, hiyo ni kidogo tu, haina shida."

"Mwanangu, hicho kidogo ndicho nilicholipia kije jikoni."

Akabadilisha mpira na kukaza. Tangu hapo povu la sabuni ni kazi yangu mwenyewe. Nikisafiri, jirani anakuja kupikia kwangu, maana gesi isipotumika presha inapanda na ziada inatorokea shimo la kutokea.

Kilichonishangaza ni lile tope linalobaki. Nimelichimbia mfereji hadi kwenye migomba na kahawa, lingine linakwenda kwenye mabingobingo ya kulishia ng'ombe. Hapa ndipo ile methani ya mdomoni inapoguswa, japo kwa mzunguko: mabingobingo yakikatwa machanga, yakachanganywa na malisho ya jamii ya kunde kama desmodiamu na lusina, ng'ombe anayasaga vizuri kuliko mabua makavu na maziwa yanapanda. Methani kwa kila lita inashuka. Huko Ulaya wana dawa ya kuchanganya kwenye chakula, Bovaer, iliyoruhusiwa na Umoja wa Ulaya mwaka 2022, ambayo kwa ng'ombe wa maziwa inapunguza methani kwa takriban asilimia 30. Lazima iliwe kila siku. Denmark nako wamekubaliana kuwatoza wafugaji kodi ya hewa hiyo kuanzia 2030, kwa hiyo mfugaji wa kule ana sababu ya kununua. Mimi kwenye kituo cha kukusanyia maziwa nalipwa kwa lita, basi. Nitatoa hela mfukoni kwa dawa isiyoongeza hata kikombe? Wanaotaka tupunguze methani waanze na bei ya maziwa.

Kama ng'ombe wako wanalala malishoni, au maji unayanunua kwa ndoo, usijenge. Kama unajenga, tafuta mwashi mwenye uzoefu wa kuba. CAMARTEC ya Arusha, taasisi ya serikali ya zana za kilimo na teknolojia ya vijijini, imekuwa ikisambaza mitambo ya aina hii tangu miaka ya 1980, kwa hiyo mafundi wazoefu wapo. Mwambie akuonyeshe mtambo wa zamani aliojenga, uende na sabuni yako.

Nyota nne. Ya tano naishikilia mpaka kampuni iweke kipimo cha presha na valvu ya akiba ndani ya bei, badala ya kuviuza pembeni.