Bethdei ya kifalme ya watoto hapa Mwanza, uzoefu wangu na mpambaji niliyemkodi

Wengi mmeniuliza kuhusu mpambaji wa bethdei ya binti yangu, nimeona niandike kabisa maana nikianza kumjibu mmoja mmoja sitamaliza. Binti yangu katimiza miaka 5 na alitaka bethdei ya malkia, malkia kamili, gauni, taji, zulia jekundu, kila kitu. Wageni wake wengi ni wa chekechea, wadogo kabisa wana miaka 3. Tulifanyia nyumbani Nyegezi, nikakodi dada mmoja mpambaji yuko maeneo ya Kirumba, na kwakweli kazi yake nimeikubali, ila kuna vitu inabidi uvisimamie mwenyewe.

Kilichonifanya nimchague ni maswali yake. Wengine niliowapigia wanaanza na rangi gani na bajeti shilingi ngapi, huyu akaniuliza watoto wana umri gani na wana urefu gani. Nikasema urefu wa nini tena? Akanambia, dada'angu, kile kiti cha enzi cha dhahabu unachokiona kwenye mapicha ni kiti cha bibi harusi, ndo hichohicho cha sendofu na kicheni pati, mtoto wa miaka 5 ukimkalisha pale miguu inaning'inia, anateleza, dakika mbili kashaanza kulia. Na kweli nlishaiona hiyo kwenye bethdei moja mtaani, mtoto anavutwavutwa akae vizuri apigwe picha mpaka taji likamshukia puani.

Kwahiyo kile kikubwa akakiacha stoo, akaja na kiti kidogo cha mbao, cha chekechea kabisa, kakivalisha mahameli ya zambarau, kashona vifungo vya dhahabu mgongoni na chini kaweka kigoda cha kukanyagia. Mtoto anapanda mwenyewe anashuka mwenyewe. Matokeo yake watoto wote walikaa pale kwa zamu, hakuna aliyelazimishwa, na picha zimetoka wanacheka kweli.

Jambo la pili ni upepo. Sisi tunaokaa karibu na ziwa tunajua mchana upepo unatoka ziwani, na yale mapambo ya kusimamisha nyuma ya meza ya keki yakipigwa na ule upepo yanalala yote chini, na ni chuma hizo, zikimwangukia mtoto je? Dada akaangalia uwanja wetu, una jiwe kubwa nyuma ya nyumba, si unajua Mwanza yetu mawe kila mahali, akasema hili ndo kasri. Akateremsha vitambaa vya satini kutoka juu ya jiwe, akaning'iniza bendera ndogondogo za pembetatu, mlango wa kasri akauchora kwenye boksi la friji akaukata. Watoto walikua wanaingia na kutoka kwenye ule mlango mpaka boksi likachoka. Nguzo mbili za maputo alizifunga kwenye madumu ya lita 20 yaliyojaa maji akayafunika na kitambaa, hazikutikisika.

Mataji ndo sehemu niliyoipenda kuliko zote. Nlikua nimepanga kununua ya plastiki kule Makoroboi, yanapatikana kwa bei nzuri tu, lakini akanishauri tuweke meza ya kutengeneza mataji. Alishayakata tayari kwenye karatasi za manila za njano, watoto wanabandika vipande vya vitenge, shanga na karatasi za kung'aa kwa gundi, alafu msaidizi wake anapima kichwa anapiga stepla, na juu ya pini anazungusha selotepu ili zisimchome mtoto. Hapo watoto walitulia muda mrefu kweli, hata wale watundu. Na hakukua na ugomvi wa nani mfalme maana kila mtu ana taji lake na kalitengeneza mwenyewe.

Alafu bibi yake, mama yangu mimi, akaona ufalme wote huu ni wa Ulaya tu, akawakusanya akawaambia na huku kwetu kulikua na watemi, yaani wafalme wa Wasukuma. Akawaeleza kuwa Bujora pale Kisesa kuna makumbusho wanatunza ngoma za watemi wa Usukuma, na kuna jengo limejengwa kwa umbo la kiti cha mtemi. Mjomba akapiga ngoma, aliyekaa kitini wenzake wanamsalimia "Mwadila!" na yeye anatoa amri moja, rukeni, kaeni, imbeni. Huo mchezo haukulipiwa hata mia na ndo walioung'ang'ania. Ningekua napanga upya ningeanza na huo kabisa.

Sasa yasiyofurahisha. Kasri la kurukia, lile la kujazwa upepo, nililikodi kwa mtu mwingine, akaja bila jenereta wakati tulikubaliana kwa simu. Lile feni lake lazima liendelee kuunguruma muda wote, umeme ukikata linanywea na watoto wakiwa ndani. Umeme ukakata. Tuliwatoa haraka na hela yangu ya kianzio hakunirudishia, kwahiyo makubaliano yaandikwe, hata kwa meseji.

Na huyu dada mwenyewe, maputo alijaza mapema mno yakakaa juani, yakaanza kupasuka kabla wageni hawajafika. Tena hapo muwe makini sana jamani, kipande cha puto lililopasuka au puto ambalo halijajazwa mtoto akiliweka mdomoni linaweza kumkaba, sio kitu cha kuchezea kwa watoto wa chini ya miaka 8. Nikamwambia aweke kijana wa kuokota vipande, akaweka bila kununa. Pia alimwaga glita kwenye meza ya keki, nikamwambia atoe yote, keki inaliwa na watoto hiyo.

Chakula tulitoa mapema, saa nane na nusu, maana mtoto mwenye njaa hana ufalme. Chipsi, sambusa, tikiti maji, na minofu ya sangara iliyokatwa vidole vidole ikakaangwa, sato ni mtamu ila miba kwa watoto wadogo sitaki. Keki nlichukua kilo tatu tu, ikatosha na ikabaki. Saa kumi na moja tukafunga, jua bado lipo, maana ukisubiri giza ukawasha taa kuna siku wale wadudu wadogo wa ziwani wanajaa mpaka kwenye vikombe.

Bei yake alianza na laki nne na nusu, tukatoa kile kiti kikubwa na yale mapambo ya nyuma ikashuka laki mbili na themanini pamoja na usafiri wa kuja Nyegezi. Analipwa nusu kabla, nusu akimaliza kupamba, na unamwachia dhamana ya mahameli, likimwagikiwa juisi unalipia kufua. Kuanzia mwezi wa kumi na moja anajaa harusi, Jumamosi humpati. Mdogo wake binti yangu anatimiza miaka 3 mwezi wa nane na kashasema yeye anataka kuwa mtemi, kianzio nimeshatuma.