Gemu ya bure iliyonimalizia bando: uzoefu wangu wa kuinstoli gemu nikiwa Kigoma

Gemu ghali kuliko zote nilizowahi kuweka kwenye kompyuta yangu ni gemu ya bure. Ni ya mpira, jina sitaji, na dukani mtandaoni pale penye bei pameandikwa kwamba hulipi kitu. Ila ina makumi ya GB, na mimi niko Mwanga, Kigoma, natumia intaneti ya simu kwa hotspoti. Bando huku, ukipiga wastani, GB moja inacheza kwenye shilingi elfu mbili, inapanda au kushuka kidogo kutegemea umejiunga la wiki au la mwezi. GB 50 ni laki moja. Hapo mpira wenyewe hujaugusa.

Nikisoma maoni ya watu kuhusu gemu naona wanazungumzia picha, sauti na ugumu wa maadui. Itakugharimu nini kuiingiza kwenye mashine, na itakugharimu nini kila mwezi kuifanya iendelee kufunguka, hilo hulikuti. Aliye Dar mwenye faiba isiyo na kikomo halihitaji. Sisi wa mwisho wa reli tunaanza na hilo.

Mimi nilianza na CD. Kompyuta ya kwanza nyumbani ilitoka mnadani: shirika moja lililokuwa likihudumia wakimbizi lilifunga ofisi, likauza meza, makabati na Pentium kadhaa zilizojaa vumbi jekundu. Mzee aliinunua kwa ajili ya kuchapa barua. Sisi watoto tuliona kitu kingine. Gemu zililetwa na wafanyabiashara waliokuwa wakifuata mzigo Kariakoo, CD za kuchoma, jina limeandikwa kwa maka peni, na ndani ya bahasha kuna kikaratasi chenye namba ya kufungulia. Kikaratasi hicho ndicho kilikuwa mtihani. Herufi na tarakimu zimepangana mstari mzima, mwandiko wa mtu mwenye haraka, hujui hii ni sifuri au O, hii ni nane au B. Mmoja anasoma, mwenzake anajaza, mnabadilisha moja moja mpaka kitufe cha kuendelea kikubali kubonyezeka.

Kikikubali, unasubiri. CD moja inabeba MB 700 tu, kwa hiyo gemu kama GTA: Vice City, iliyotoka kwa kompyuta mwaka 2003, ilikuja kwa CD mbili. Katikati ya kazi mashine inasimama inataka ya pili, na ya pili ndiyo yenye mkwaruzo. Unaifuta kwa fulana kuanzia katikati kwenda ukingoni, unairudisha, inaunguruma kama mashine ya kusaga, mstari unasogea hadi karibu na mwisho, halafu kimya. Ujumbe wa kosa. Toa, futa, rudisha. Na miaka ile mkoa wetu ulikuwa nje ya gridi ya taifa, tunaishi kwa majenereta ya dizeli. Umeme ukikatika wakati unainstoli, hauendelei ulipoishia. Unaanza upya, tena baada ya kufuta mabaki ya ile iliyokwama.

Ukivuka hapo kulikuwa na ugonjwa wa mafaili yaliyokosekana. Unabofya gemu, kinatokea kidirisha kinasema d3dx9_43.dll haipo. Hiyo ni sehemu ya DirectX, programu saidizi ya Windows ambayo gemu huitegemea kwa picha na sauti, na bila intaneti ilikuwa kazi kuipata. Kulikuwa na jamaa mwenye steshenari karibu na soko la Mwanga, kazi yake hasa ilikuwa fotokopi na kuingiza nyimbo kwenye flashi, lakini alikuwa na folda moja aliyoitunza kuliko kitu chochote dukani: DirectX, Visual C++ za miaka yote, .NET Framework, draiva za kadi za picha. Unamwambia, "Kaka, inaniletea dll." Hata haulizi ipi. Anachomeka flashi yako, anakupa folda nzima, unalipa jero, unarudi nyumbani unainstoli kimoja baada ya kingine mpaka gemu ifunguke.

Nakubali ilikuwa taabu. Lakini gemu ikishafunguka, imefunguka. Hakuna aliyekuja kesho yake kuibadilisha. Ikiwa na kasoro, tuliizoea kasoro yake: gari linalozama barabarani, kipa anayeganda, tuliyajua yote na tuliyatumia kushinda.

Walionunua DVD halisi nao hawakupona. Gemu nyingi za miaka ile zilifungwa na kinga za kuzuia kunakili, SafeDisc na SecuROM, zinazokagua diski kila unapofungua. Windows 10 ilipotoka mwaka 2015 iliacha kuziruhusu, kwa sababu za usalama. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na kasha lake, risiti yake na diski isiyo na mkwaruzo hata mmoja, na gemu isiwake kwenye kompyuta ya leo. Ile ya kuchoma yenye kraki, yaani iliyochezewa ili kinga isikague tena, inawaka. Sichekelei, ndivyo mambo yalivyo.

Steam, programu ambayo leo ni duka kubwa la gemu mtandaoni, ilianza mwaka 2003, na mwaka uliofuata Half-Life 2 ikaja na sharti jipya: hata kama umenunua diski dukani, lazima uingie mtandaoni kwanza ndipo ikubali. Wakati huo intaneti kwetu ilikuwa ya kafe, unalipia nusu saa, na huwezi kubeba kompyuta ya mezani kuipeleka kafe. Diski ziliendelea kufa polepole. GTA V ilipokuja kwa kompyuta mwaka 2015 ilihitaji GB 65, kasha lake lina DVD 7. Microsoft Flight Simulator ya mwaka 2020 iliuzwa Ulaya kwa DVD 10. Siku hizi laptopu nyingi hazina hata mlango wa kuingizia.

Sasa, kwa haki kabisa, kitendo chenyewe cha kuinstoli leo ni rahisi ajabu. Unabofya, basi. DirectX inajiweka, Visual C++ inajiweka, namba ya siri hakuna, na umeme ukikatika mzigo unaendelea ulipoishia. Yule kaka wa steshenari siku hizi anauza vocha na kuchapa vitambulisho.

Taabu imehamia kwenye kushusha. Mtandao wa simu ukikupa megabiti 8 kwa sekunde, hiyo ni megabaiti 1. GB 65 kwa mwendo huo ni kama saa 18, endapo hautayumba, na unayumba. Wengi tunategemea mabando ya usiku. Unaweka simu dirishani upande wa mnara, chaja imechomekwa, unazima ile kuokoa betri maana ikilala hotspoti inajifunga, unazima Windows isisinzie, unalala nusu jicho. Alfajiri unaamka unakuta hotspoti ilijizima mapema tu, bando la usiku limekwisha muda, na kilichoshuka ni robo.

Njia iliyonifaa kuliko zote ni basi. Nina rafiki Dar mwenye faiba. Namtumia jina la gemu, anaishusha kwenye eksteno yangu, ile diski ya nje ya kubeba mkononi, anampa mtu anayekuja Kigoma. Piga hesabu: eksteno iliyojaa GB 500 kwa hotspoti yangu ya megabaiti 1 ingechukua karibu siku sita mchana na usiku. Basi linafika siku ya pili. Nimecheka sana siku nilipoipiga hesabu hiyo, kisha nikaacha kabisa kushusha gemu kubwa mwenyewe. Angalizo moja: baadhi ya flashi na eksteno za dukani huja na mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili linalozidi GB 4. Zifomatiwe exFAT kabla hazijapanda basi, vinginevyo mtu wa Dar atakupigia usiku kwamba faili linakataa.

Kwa njia hii GOG naipa nyota tano bila kusita. Ni duka la gemu la Kipoland, gemu zake hazina kufuli la kuzuia kunakili, na linakuruhusu kushusha faili za kuinstoli, ukazihifadhi na kuziweka kwenye mashine isiyo na intaneti kabisa. Gemu kubwa imekatwa vipande vipande, kikiharibika kimoja unashusha hicho tu. Kasoro ni kwamba gemu nyingi mpya kubwa hazipo humo, na mpira wa kucheza na wenzako mtandaoni usahau.

Steam naipa nne. Ukinakili folda ya gemu kutoka kwa mwenzako ukaipanga mahali pake, inaikagua na kuitambua badala ya kushusha upya. Tangu mwaka 2023 inaweza pia kuhamisha gemu kati ya kompyuta mbili zilizo kwenye mtandao mmoja wa ndani. Mimi na jirani tunajiunga hotspoti moja, gemu inahama toka mashine yake kuja kwangu, na bando haliguswi isipokuwa vipande vidogo vya uhakiki. Lazima wote muwe na haki ya gemu hiyo, na mpangilio wa kuruhusu marafiki muuwashe, maana haujiwashi.

Nyota ya tano imepotelea kwenye apdeti, ingawa kosa kubwa ni la watengenezaji wa gemu. Steam inakata mafaili vipande vya takriban MB 1 na kushusha vile tu vilivyobadilika. Wazo zuri. Lakini mtengenezaji akifungasha gemu nzima kwenye faili chache kubwa zilizobanwa, kisha akabadilisha mpangilio ndani yake, karibu kila kipande kinaonekana kipya. Ndiyo maana unarekebishiwa jezi za timu mbili kwa GB nyingi. Na hata apdeti ikiwa ndogo, faili kubwa lazima lijengwe upya, kwa hiyo diski inahitaji nafasi ya ziada. Kwenye diski ya kizamani inayozunguka utaona kushusha kumekwisha na diski bado inakorofishana na mafaili.

Ile gemu ya mpira ya bure haina huruma kabisa. Haifunguki bila mtandao, na haikubali toleo la zamani. Jumamosi moja tulikusanyika kwangu, vijana sebule nzima, juisi ipo, pedi mbili zimechajiwa. Ikadai apdeti. Mmoja akajitolea bando lake, likaisha. Mwingine naye akajiunga, nalo likakata. Mwishowe tukafungua PES 2017, gemu ya mpira ya zamani iliyokaa kwenye diski miaka na miaka, yenye jezi za Simba na Yanga zilizowekwa na mashabiki wenyewe, tukacheza hadi usiku.

Ukiamua kuingia kwenye mambo haya na intaneti ya simu, kuna mipangilio ya kuweka siku ya kwanza. Kwenye Windows, iambie kwamba hotspoti yako ni mtandao wa kulipia kwa kipimo (metered connection). Usipofanya hivyo itajishushia apdeti zake wakati wewe unahesabu GB za gemu. Kwenye Steam, kila gemu ichaguliwe kuapdetiwa pale tu unapoifungua, na saa za apdeti za kujiendesha ziwe za usiku. Gemu ya kucheza peke yako ifungue ukiwa nje ya mtandao, kabla Steam haijagundua kwamba kuna toleo jipya.

Mwisho, pesa. Kulipa siku hizi si tatizo, kadi za mtandaoni za kwenye simu zinakubalika. Kurudishiwa ndiko kwenye utata. Steam inarudisha hela ukiomba ndani ya siku 14 tangu ununue, na uwe hujacheza zaidi ya saa mbili. Hizo siku 14 zinahesabiwa tangu ulipolipa, hata kama gemu bado inashuka kwa bando la usiku. Kwa hiyo mimi nalipia gemu pale eksteno ikiwa imeshafika stendi, na jioni hiyohiyo naijaribu nione kama laptopu inaimudu. Kuna duka jingine, ambalo sitalitaja, lililokataa kunirudishia kwa sababu eti nilikuwa nimecheza saa tatu. Saa zote hizo gemu ilikuwa imefunguka kwenye ukurasa wa kwanza, inashusha apdeti.