Google Earth Pro na Organic Maps kwa kupanga safari ya maziwa ya juu Mlima Kenya: bure kabisa, ila jua zinachojua

Niseme mapema: hizi programu mbili ni za bure, na kama unataka kubeba begi lako na kutembea ziwa hadi ziwa juu Mlima Kenya nje ya njia zilizozoeleka, zinatosha, sijaona sababu ya kulipia kitu kingine. Ila zinatosha kwa kazi moja, nayo ni kukuonyesha pa kutopita. Watu wengi wanazitumia kinyume, wanakaa nyumbani wanachora kamstari kazuri ka rangi nyekundu halafu wanakaamini kama reli ya treni, wakifika kule juu mstari unaingia kwenye ukuta wa mwamba.

Kwanza kwa nini Mlima Kenya. Mi nipo Moshi, na sisi wa huku tunajua Kilimanjaro hamna cha kupanga, unachagua Machame au Lemosho au Rongai au Marangu, muongozaji ni lazima, kambi zinajulikana, wagumu (wapagazi) wanatangulia na mahema, wewe unatembea tu. Na maziwa hamna, Kili ni mkavu asee, maji yenyewe ukishapanda juu ni ya kutafuta. Mlima Kenya ni wa zamani zaidi, barafu imeuchonga mpaka umebaki mabonde marefu na vishimo kila kona, na vile vishimo ndo vimejaa maji (tarn ni ziwa dogo la mlimani): Hall Tarns, Simba Tarn, Two Tarn, Harris Tarn, Oblong, Hausburg, Michaelson, huko chini Ellis na Alice. Yaani ukifungua ramani unaona vidoa vya bluu vimetapakaa pande zote za kilele kikuu, Batian, na hapo ndo mtu anaanza kusema hiki na hiki si viko jirani, kwa nini nizunguke na njia?

Haya sasa, Google Earth Pro. Ni ile ya kuweka kwenye kompyuta, siyo ya simu, na tangu 2015 haina malipo. Unachora mstari wako kwa ile alama ya njia, unaupa jina, halafu unabofya kitufe cha kulia cha mausi na kuchagua mchoro wa mwinuko, unakuja pale chini unaonyesha unapanda wapi unashuka wapi na mteremko mkali kuliko yote uko wapi. Zingatia kitu kimoja hapo, mteremko unatolewa kwa asilimia siyo digrii, asilimia 100 maana yake ni digrii 45, sasa ukiona 60 usianze kulia ila usidharau pia, maana na begi mgongoni kwenye nyasi zenye umande hiyo 60 utaitambaa kwa mikono.

Kinachonifanya niipende kuliko zote ni kile kitufe chenye alama ya saa, cha picha za zamani. Unarudi nyuma mwaka hadi mwaka, unatafuta picha ambayo haina wingu na imepigwa kiangazi, kwa sababu Mlima Kenya bwana mawingu yanapanda kila mchana, picha moja haitoshi kabisa. Na unaona mambo ambayo ramani za zamani hazikwambii tena. Ile barafu ya Lewis kwenye ramani za karatasi bado imechorwa kubwa, ukiangalia picha za karibuni imebaki kipande. Kama ulipanga kupita pembeni yake kwenda kidimbwi cha Curling Pond au kibanda cha Austrian Hut jua utakuta mawe na kokoto, siyo theluji uliyoiona kwenye picha za kina babu.

Sasa ubaya. Ule umbo wa mlima unaouona ukizungusha picha hautoki kwenye picha yenyewe. Kwa sehemu kubwa ya dunia, data za mwinuko zinazotumika kwenye ramani za bure zilitokana na kazi ya chombo cha anga cha Endeavour, Februari 2000, kiliruka siku 11 kikipima ardhi kwa rada, na vipimo vyake vina nafasi ya kama mita 30 kati ya nukta na nukta. Kwa bonde zima ni safi sana. Kwa genge la mita 15 hapana, genge linaweza kukaa katikati ya nukta mbili na programu ikalilainisha ikakuchorea mteremko wa kawaida tu. Ndo maana nasema itumie kufuta. Kama kwenye kompyuta panaonekana pakali basi uhalisia ni pakali zaidi, futa bila huruma, ila kama panaonekana laini hiyo siyo ruhusa, hapo umebaki na swali tu la kwenda kuuliza.

Mfano mzuri ni Michaelson. Ziwa lipo ndani ya Gorges Valley kama mita 3,950, na Hall Tarns zipo juu ya ukingo wake kama mita 4,300. Kwenye ramani bapa ni pua na mdomo. Ukienda kusimama pale The Temple unaangalia chini moja kwa moja, ziwa lipo miguuni kwako mita mia tatu na zaidi na hamna kitu katikati ila hewa. Njia ya kushukia ipo lakini ni mahali maalumu, siyo popote utakapojisikia, na mstari wa kuchora ovyo unakupitisha popote utakapojisikia.

Organic Maps yenyewe ni ya simu. Haina matangazo, unapakua ramani ya Kenya ukiwa na waifai na baada ya hapo hauhitaji bando wala mtandao, GPS inakusomea upo wapi. Washa kontua (mistari ya mwinuko) kwenye matabaka, na uvute karibu kidogo ndo zinatokea. Faili ya mstari wako unaihifadhi kwenye Google Earth kama KML, unajitumia hata kwa WhatsApp, unaifungua na Organic Maps, basi, mstari upo kwenye simu. Rahisi mpaka raha. Pini nazo, mi naweka rangi tofauti: maji, pa kuweka hema, na pa kugeuzia kama wingu limefunga. Hizo za kugeuzia ndo muhimu kuliko zote na watu wengi hawaziweki.

Ila usiiombe ikuongoze nje ya njia, haijatengenezewa hivyo, kwa miguu inafuata njia zilizomo kwenye ramani tu. Na zile njia zimechorwa na watu wa kujitolea wa OpenStreetMap, ile ramani ya bure ya dunia, Mungu awabariki, lakini kamstari ka nukta nukta huwezi kujua ni njia ya kila siku au ni jamaa mmoja alipita siku moja na simu yake mfukoni. Na pasipo na mstari haimaanishi hamna njia pia.

Kingine ambacho zote mbili hazijui ni unakanyaga nini, na hapa ndo ratiba za watu zinapokufa. Kutoka Ellis kwenda Alice, upande wa pili wa kilima cha Ithanguni, ukiangalia picha ni rangi ya kijani kahawia laini kabisa, unasema masaa machache nimefika. Ile rangi ni vishungi vya nyasi vinavyofika magotini, katikati yake matope, unakanyaga juu kinayumba unakanyaga kati unazama, na juu zaidi mimea mikubwa ya misenesio na lobelia halafu mawe makubwa yaliyorundikana. Ukienda kwa kilomita utajidanganya. Mi siku hizi nikipanga sehemu za nje ya njia nahesabu kilomita moja kwa saa, nikienda haraka zaidi nashukuru Mungu.

Lakini pia hizi programu zinasaidia kitu ambacho watu hawakifikirii, kupanga pa kulala kwa urefu wa mlima siyo kwa uzuri wa ziwa. Chukua upande wa Chogoria, mashariki mwa mlima: getini upo kama mita 2,950, Ellis kama 3,450, Hall Tarns 4,300. Kulala Ellis leo na Hall Tarns kesho ni kuruka mita 850 kwa usiku mmoja, kichwa kitagonga tu. Sasa ukiangalia mchoro wa mwinuko unaona mwenyewe: kaa usiku mwingine Ellis, mchana nenda Alice urudi, kesho yake panda mpaka Hall Tarns ushuke kulala Michaelson. Umepanda juu umelala chini, mwili unazoea, na Michaelson usiku upepo unakuwa nafuu kuliko kule ukingoni. Baada ya hapo ndo upenyo wa Simba Col, kama 4,620, ushukie kambi ya Shipton's, na Two Tarn kwa mwenye pumzi.

Mstari ukishaisha kuchorwa usiende nao mlimani kabla hujamwonyesha mtu. Pale Chogoria tulikaa na muongozaji mmoja mtu mzima kidogo, akachukua simu, akavuta picha karibu, akaweka kidole: "Vijana, hapa mtapita. Hapa hampiti, mto ukijaa hapa ni shida. Na hapa mtapita, lakini mkilia." Dakika kumi amefanya kazi ambayo hakuna setelaiti inaweza. Mwenyewe alifurahia sana ile Google Earth, akaanza kutuonyesha mapango ya kulala ambayo hayapo kwenye ramani yoyote. Na hata hivyo KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, hawaruhusu mtu kuingia mlimani peke yake, kwa hiyo kama huna wenzako huyo mtu utamlipa tu, bora umlipe mapema akufutie na mistari mibaya. Malipo ya hifadhi ni ya mtandaoni kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, usifike getini na noti mkononi, na ukiwa hapo getini waambie askari unapanga kutoka njia wapi na kurudi lini.

Msimu: Januari na Februari ndo pazuri, Julai hadi Septemba pia siyo mbaya. Masika usiguse hizo njia za vishungi, utaoga.

Google Earth Pro naipa nyota nne, moja nimeitoa kwa sababu inataka kompyuta yenye nguvu na bando la maana. Organic Maps nne na nusu. Kuna nyingine ya kulipia kwa mwaka nilikuwa naitumia zamani sitaitaja, ilikuwa na makorokoro mengi sana na kontua ni zilezile.

Mwisho betri. Juu ya mita 4,000 alfajiri ni barafu na simu inaweza kuzima ikiwa na asilimia 40, kwa hiyo lala nayo ndani ya slipingi begi pamoja na pawabenki, GPS izime mkiwa mnaona mnakoenda, na piga skrinishoti za kila siku ya safari umtumie na mwenzako. Mi huwa naprinti pia, A4 mbili za rangi kwa muuza steshenari, naziweka kwenye mfuko wa nailoni.