Bunduki ya kwanza ya semi otomatiki: miaka sita na Ruger 10/22

Mtoto wa dadangu anasoma Minnesota, Marekani, juzi kanipigia saa sita ya usiku huku Mombasa, furaha tele, "Shikamoo mjomba, nataka kununua bunduki ya semi, nipige shabaha na niwinde pia, ninunue gani?" Kabla sijaitikia vizuri kashanitumia picha tatu, zote zile nyeusi zenye sura ya kijeshi. Nikamwambia ngoja, usinunue kitu, ntakuandikia. Na kwa vile swali hili nishaulizwa na vijana wetu wengi walioko huko, naliandika hapa wasome wote.

Mimi Minnesota nimekaa tangu 2012 mpaka 2021 ndo nikarudi nyumbani. Bunduki ninayoizungumzia ni Ruger 10/22, semi inayojijaza yenyewe kila ukipiga, ya risasi ndogo za .22 (hiyo .22 ni upana wa risasi kwa inchi), nimeitumia miaka sita. Jibu langu nalitoa mapema: kama ndo unaanza, nunua hii, au nyengine yoyote ya .22 iliyothibitika kwamba haikwami, halafu pesa itakayobaki nunua risasi upige mpaka mkono uzoee. Kubwa iache kwanza.

Hilo la kukwama nalirudia sana na lina sababu yake. Bunduki yangu ya mwanzo haikuwa hii. 2014 nilinunua semi ya .22 iliyotumika, kwenye duka moja ambalo silitaji na kampuni ilioitengeneza pia siitaji, bei rahisi, chuma kinang'aa, muuzaji kanambia haina tatizo. Nikaenda nayo renji, uwanja wa kupigia shabaha, nikapiga risasi kama thelathini, ikakwama mara mbili, nikasema labda ndo zilivyo. Mwezi wa kumi na moja theluji ishaanguka, nikatoka na jirani yangu, mzee wa Kimarekani, tuko pembeni ya shamba la mahindi yaliyokwisha vunwa, sungura katoka kasimama hatua kama thelathini. Nikasema bismillahi nikapiga, ikampata mguu wa nyuma. Risasi ya pili ndo ya kummalizia ile taabu, navuta triga, kimya. Kutazama, ganda la risasi ya kwanza halikutoka, limesimama wima limebanwa na boliti, kile chuma kinachofunga nyuma ya risasi, vidole vyangu vimekufa ganzi nalivuta halivutiki, na sungura yule anajiburura kuingia kichakani. Tulifuata matone ya damu juu ya theluji mpaka Maghrib ikapita, hatukumpata. Usiku ule sikula. Kilichoniuma si kumkosa, ni kwamba zile mara mbili za renji zilikuwa zishanionesha na mimi nikazipuuza.

Sasa ndo nikaanza kuuliza kwa nini zinakwama, na yule mzee akanielewesha vizuri. Semi otomatiki unavuta triga mara moja inatoka risasi moja, na bunduki yenyewe inatoa ganda na kuingiza risasi nyengine, ukitaka kupiga tena uvute tena. Kwenye hizi za .22 hakuna mtambo mkubwa, boliti inashikiliwa na uzito wake na springi tu, mlipuko ukisukuma risasi mbele unasukuma na ganda nyuma, ganda linairudisha boliti. Kwa hivyo risasi ikiwa dhaifu, au ndani kumejaa masizi, au springi imechoka, boliti hairudi mpaka mwisho na ganda linabanwa pale pale. Tena risasi ya .22 ina ukingo huku nyuma umetokeza, kwenye magazini (kikasha cha kutilia risasi) ambayo risasi zimepandiana moja juu ya moja ukingo wa moja unaweza kunasa nyuma ya ukingo wa mwenziwe, basi haziingii sawa.

Hapa ndo 10/22 ilinipendeza. Imetoka kiwandani tangu 1964 na mpaka leo inatengenezwa, na magazini yake ya risasi kumi ni ya kuzunguka, ndani kuna kigurudumu chenye vyumba, kila risasi imekaa chumbani kwake haigusani na nyengine. Inaingia yote ndani ya mbao haitokezi chini, ukibeba kwa mkono mmoja hakuna kitu kinachokukwaruza. Bunduki nzima ni kilo mbili na ushei, mtoto wa miaka kumi na mbili akiwa na babake anaishika bila kutetemeka. Yangu niliinunua 2015 mpya, dola mia mbili na kitu, kitako cha mbao.

Safari hii sikuenda nayo kuwinda. Niliipeleka renji Jumamosi nne mfululizo, risasi mia tano za aina tatu tofauti, na kila ikikwama naandika kwenye daftari ni risasi gani na ni magazini gani. Zile nzuri za kasi, CCI Mini-Mag, hazikukwama hata moja. Zile za kununuliwa kwa ndoo, rahisi, zilikwama mara sita na nyengine nne hazikulipuka kabisa. Na za mwendo wa polepole, zile zisizo na kelele nyingi, zilikuwa haziirudishi boliti sawasawa, na hilo si kosa la bunduki, hazina nguvu ya kuisukuma. Basi nikajua yangu inakula nini. Kila bunduki ina chakula chake, ukinunua, nunua boksi moja moja za aina mbali mbali kwanza kabla hujajaza kabati.

Na hizo zisizolipuka, sikiza vizuri mjomba wangu: ukivuta triga ukasikia "tak" tu, usifungue haraka haraka. Kaa vile vile mtutu umeelekea kwenye shabaha, hesabu mpaka thelathini, ndo utoe. Baruti ya kuwashia ya .22 iko ndani ya ule ukingo, isipoenea vizuri inaweza kuchelewa kushika moto, hutaki ilipuke boliti ikiwa wazi karibu na uso wako.

Shabaha yake? Kwa yadi 50, nimeegemeza juu ya mfuko wa mchanga, na darubini ya kawaida tu ya kukuza mara nne, matundu kumi yote yalikaa ndani ya mdomo wa kikombe cha kahawa, hivi vyetu vidogo vya kahawa chungu. Kwa sungura inatosha na inabaki. Kwa mashindano ya yadi 50 makubwa haitoshi, wale wa Olimpiki wanapiga .22 hii hii kwa mita 50 lakini bunduki zao ni za risasi moja moja na bei yake ni habari nyengine. Triga ya kiwandani ni nzito kidogo, ukivuta kwa pupa unaivuta na bunduki, ivute kama unakamua ndimu taratibu. Kuna watu wananunua triga ya kubadilisha siku ya pili, mimi nasema piga kwanza mwaka mzima na ile ile.

Kasoro zipo na nazisema. Magazini ikiisha boliti haibaki wazi, inafunga, kwa hivyo ukiwa hukuhesabu utavuta triga kwenye bunduki tupu ukidhani bado. Mbaya zaidi mtu akiiona imefunga hawezi kujua kama ni tupu au la, lazima atoe magazini kisha afungue aangalie kwa jicho na atie kidole. Kuosha nako, nyuma imezibwa na chuma, ufito wa kusafishia huwezi kuuingizia nyuma, unaingiza mdomoni mwa mtutu, na ukiwa na haraka unaukwaruza mdomo ule, na mdomo wa mtutu ukiharibika shabaha imeharibika. Mimi nilinunua kamba ya kuvuta, unaiingiza kupitia tundu la kutokea ganda unaivutia mbele, dakika mbili umemaliza. Kitufe cha sefti, cha kuizuia isipige, kiko mbele ya triga, unakisukuma kwa ubavu, ukiona duara jekundu ujue iko tayari kupiga. Kipo mahali pazuri, lakini kwa glavu nene za baridi jizoeze nyumbani bunduki ikiwa tupu.

Kuhusu baridi, hili wengi wetu wa pwani hatulijui. Mafuta mengi ndani ya bunduki kule yanaganda yanakuwa kama samli, boliti inakwenda kwa uvivu. Paka kidogo sana, futa. Na ukiingia nayo nyumbani kwenye joto kutoka nje, chuma chote kinatoka jasho kama chupa ya soda uliyoitoa friji mchana wa Januari hapa Mombasa, ukiifungia ndani ya begi vile vile kesho ina kutu. Itoe, iache ikauke, ifute.

Kuna walioniambia chukua Marlin 60, semi ya .22 pia, na ni bunduki nzuri vile vile, ilitoka sokoni 1960 na watu wengi wamejifunzia hiyo, ila risasi zake zinakaa ndani ya bomba refu chini ya mtutu na unazitia kutokea mbele, kwa hivyo kila ukijaza mikono iko karibu na mdomo wa mtutu. Kwa mtu mpya silipendi hilo. Na zile nyeusi za picha zako, kuna za .22 zinazofanya kazi vizuri tu, lakini magazini ya risasi ishirini na tano inamfundisha mwanafunzi kumwaga risasi. Kumi zinakulazimisha kutulia na kupumua.

Sungura wa kwanza niliyempata na 10/22 alikuwa Januari, kwenye vichaka vya nyuma ya ghala la yule mzee. Bismillahi, moja tu, kichwani, akalala pale pale, nikawahi na kisu bado ana uhai nikamchinja. Mke wangu alimpika kwa tui la kopo na ndimu. Sikupiga yule wa kwanza niliyemwona siku ile, alikuwa juu ya kilima na nyuma yake ni mbingu tupu. Risasi hii ndogo inaweza kwenda zaidi ya kilomita moja na nusu, hiyo ni mara kadhaa upana wa kivuko cha Likoni, na huko iendako kuna nyumba za watu.

Swala wa kule, wale wakubwa, usiwaguse na .22 hii. Sheria ya Minnesota hairuhusu, na hata ingeruhusu ni dhulma, haina nguvu ya kumuua mara moja. Siku ukifika huko, rafiki yangu ana Browning BAR ya .308, risasi kubwa za kuwindia, semi pia, niliipiga misimu miwili na ni bunduki ya heshima, lakini inapiga bega na risasi moja bei yake unapata nyingi za .22. Ukiianza hiyo utajifunza kufumba macho kabla ya mlio, na tabia ile kuitoa ni kazi.

Sasa lililo muhimu kuliko bunduki yenyewe. Mimi nilikuwa na grini kadi, kibali cha kuishi Marekani moja kwa moja. Wewe una viza ya mwanafunzi, na sheria ya Marekani nzima inakukataza kununua na hata kushika silaha au risasi mpaka uingie kwenye ruhusa maalum, na ile wanayotumia wengi ni kuwa na laiseni ya kuwinda ya jimbo ambayo haijaisha muda. Renji pia ni kushika. Na Minnesota aliyezaliwa baada ya 1979 kwa kawaida hapewi laiseni hiyo bila kupita darasa la usalama wa silaha. Usidanganye kwenye fomu ya dukani, wanakuangalia papo hapo kwenye kompyuta, na viza inaweza kwenda na hilo.

Na walio huku nyumbani wanaoniuliza, Kenya kuwinda kumepigwa marufuku tangu 1977, na silaha yoyote ni lazima upate leseni ya Bodi ya Leseni za Silaha. Ndo manake 10/22 yangu sikuja nayo. Niliiuza kisheria kwa yule mzee jirani, na daftari langu la risasi nikampa.

Jana usiku kijana kanipigia tena, zile picha kashazifuta, kajiandikisha darasa linaanza wiki ijayo. Nikampa namba ya mzee. Akipata laiseni yake wataenda renji pamoja, mzee kasema 10/22 bado inakula Mini-Mag bila kukwama, na fulana yangu ya kuwindia ya rangi ya machungwa bado inaning'inia nyuma ya mlango wa ghala.