Fundi wa dizeli wa Kizota, Dodoma: nilimlipa anipimie injini, akanionyesha nimeuziwa injini gani

Nianze na hili ili tusigombane huko chini: si ndugu yangu na hajanituma. Mimi ndiye niliyemlipa, shilingi 60,000 za ukaguzi, na bado ana mambo yananiudhi ambayo nitayasema.

Nina Hilux dabo kebini ya 2001, ya dizeli, injini ya Toyota aina ya 5L. Niliipata mnadani, gari la mradi, bodi imegongwagongwa lakini chasi imenyooka. Ndiyo inayonilisha. Msimu wa zabibu inabeba kreti kutoka Mpunguzi kuleta mjini, na zabibu za huku kwetu huvunwa mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo likizo haina. Zabibu zikiisha kuna alizeti.

Mwaka juzi ilichemka kwenye barabara ya Iringa, kabla ya Mtera. Mpira wa chini wa rejeta ulipasuka, dereva hakuangalia geji. Ikavutwa hadi gereji moja hapa mjini, ambayo sitaitaja. Fundi akafungua boneti, akanusa, akasema, "Mama, injini imenoki. Hapa ni kuweka nyingine." Dakika kumi hazikufika. Nikaletewa 5L ya Dubai, iliyotumika, inang'aa rangi ya fedha kama sufuria mpya, kwa milioni nne na laki nane. Injini yangu ya zamani wakaichukua kwa laki tatu, wakanipunguzia kwenye bei. Niliona nimefanya biashara.

Ikaja Julai. Watu wa Dar wanadhani Dodoma ni jua tu, waje Julai saa kumi na moja alfajiri. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na upepo wake wa asubuhi unakata masikio. Gari likagoma. Stata mara tano, mara sita, likikubali linatoa moshi mweupe unaochoma macho mpaka jirani anafunga dirisha. Likishapata moto moshi unapungua, lakini nguvu haina. Nikiwa na mzigo wa kwenda Iringa, mlima Nyang'oro naupanda gia ya kwanza na ya pili, malori yananipita huku matingo wananipungia mkono.

Pale gereji kila nikirudi kuna jibu jipya. Nozeli. Nikabadili nozeli. Filta. Nikabadili. Hita, zile za kupasha silinda moto kabla ya kuwasha. Nikabadili zote nne. Mwisho wakaniambia dizeli ya siku hizi imechakachuliwa. Hapo nikaelewa kwamba tumemaliza sababu, tumebaki na visingizio.

Aliyenipeleka Kizota ni mwenye Hiace mmoja tunayepaki naye pamoja. Usitarajie kibao. Ni uwanja wenye mwarobaini, kontena la futi ishirini, na mabenchi mawili ya mbao yaliyolowa oili kiasi kwamba ukikaa na gauni zuri shauri yako. Mzee mwenyewe ni Mgogo wa makamo ya baba yangu, salamu yake ni "Mbukwa" hata kwa Mchaga. Hauzi injini, hauzi spea. Anapima, anatengeneza, basi. Hilo ndilo lililonivuta: asiye na injini ya kuuza hana haraka ya kuiua yako.

Sharti lake la kwanza lilinishangaza. Hapimi gari lililokuja likiwa limeshawaka. "Liache lilale hapa, binti yangu. Asubuhi nitaliwasha mwenyewe." Nililalamika, nikapanda bodaboda kurudi nyumbani. Sasa namuelewa. Dizeli haina plagi ya cheche, inawaka kwa joto la hewa iliyobanwa ndani ya silinda. Mbano ukiwa dhaifu, asubuhi ndiyo inasema ukweli. Ukimpelekea fundi injini ya moto, unampelekea mgonjwa aliyekwisha meza panadoli.

Saa kumi na mbili na nusu nilikuwa pale. Alifungua kifuniko cha rejeta injini ikiwa baridi, akawasha, akaniambia nitazame maji huku yeye akitazama moshi. "Ukiona mapovu yanapanda mfululizo, sema." Hayakuwepo. Akashika mpira wa juu wa rejeta, ulikuwa laini. Kama gasketi ya hedi, kile kichwa cha injini kinachofunika silinda, imekatika au hedi imepasuka, mbano huingia kwenye maji na ule mpira hukaza kama tairi kabla maji hata hayajapata moto. Kisha akafungua kifuniko cha oili, akakigeuza na kukilaza juu ya tundu lake injini ikiwa inaunguruma. Kilitetemeka kidogo, hakikurushwa. "Ringi zipo," akasema, yaani ringi za pistoni bado zinazuia mbano usivujie kwenye oili. Nilikuwa nimekaa na roho juu, nikashusha pumzi.

Halafu akaomba kadi ya gari.

Nilidhani anataka kujua mwaka. Akazima injini, akachukua brashi ya waya na kitambaa kilicholowa dizeli, akaanza kusugua ubavuni mwa bloku, pale rangi ya fedha ilipokuwa nene kuliko kwingine. Alisugua muda mrefu, bila kusema. Rangi ikatoka kwa maganda. Akachukua chaki, ya shule kabisa, akaipitisha juu ya chuma kisha akafuta kwa kidole gumba. Chaki ikabaki kwenye mashimo ya herufi. Akaniita, akamulika kwa tochi ya simu. Namba haikuwa ya kwenye kadi, hilo nililitegemea, injini si ileile. Lakini ilianza na 3L.

Kwa wasiojua, na mimi nilikuwa mmoja wao: 2L, 3L na 5L ni ndugu wa tumbo moja wa Toyota. Zinafungwa kwenye mikono ileile ya kushikia injini na kwa nje zinafanana hadi fundi mwenye haraka anapitwa. Mpigo wa pistoni wa 3L na 5L ni uleule, milimita 96. Kinachotofautiana ni upana wa silinda: 96 kwa 3L, 99.5 kwa 5L. Hiyo milimita tatu na nusu ndiyo tofauti ya cc 2,779 na 2,986. Mimi nililipia 2,986. Karatasi yangu ya mauzo imeandikwa "5L Dubai" kwa kalamu ya bluu, na rangi ya fedha ilipigwa hasa pale penye namba. Sisemi walijua. Nasema rangi ilikuwa nene pale.

Sasa kipimo cha kompresheni, yaani ule mbano wa silinda, ambacho gereji ya kwanza hawakuwahi kukifanya, si kwa injini yangu ya zamani wala kwa hii. Mzee aliiwasha tena injini, safari hii akaiacha ipate moto, akaizima, akatoa hita zote nne, akachomoa waya wa solenoidi ya pampu ili dizeli isiingie, akafunga geji kwenye tundu la hita ya kwanza na kuniambia nipige stata. Aliandika kwa chaki ileile juu ya boneti: 400, 395, 270, 390. Hizo ni psi, kipimo cha presha. Dizeli za ukoo huu zikiwa nzima hucheza juu ya 400, na tofauti kati ya silinda na silinda isizidi 70 hivi. Silinda ya tatu ilikuwa imeachwa nyuma na wenzake kwa zaidi ya mia.

Mwingine hapo angesema injini imekufa. Yeye alizungusha injini kwa spana mpaka pistoni ya tatu ikawa juu kabisa, vali zote zimefunga, akaingiza upepo wa kompresa kwa kupitia tundu la hita. "Nenda nyuma ukasikilize ekzosi." Nilichuchumaa na mtandio wangu, sikio kwenye bomba la moshi. Ssssss. Akaniita nisikilize kwenye tundu la oili. Kimya, labda kaupepo kadogo. Upepo ukitokea kwenye oili, ringi. Ukitokea kwenye rejeta, gasketi au hedi. Ukitokea ekzosi, vali ya kutolea moshi haikai sawa. Nilisikia kwa sikio langu, hakuna wa kunidanganya.

Hedi ilifunguliwa kesho yake, vali ikakutwa imeungua ukingoni kama kitumbua kilichosahauliwa. Vali mpya, kusaga viti vya vali, gasketi, belti ya taimingi kwa kuwa tumeshafika huko, na kazi yake: laki tano na elfu ishirini. Gari linawaka kwa stata moja. Nyang'oro napanda gia ya tatu sehemu nyingi. Si 5L, mzigo mkubwa nauona unavyoivuta, lakini ni 3L nzima na najua kuwa ni 3L.

Nilimuuliza kama niitafute 5L. Akasema si lazima, ila kadi lazima. Kadi inasema namba nyingine na ujazo mwingine, siku ya kuuza au ya ajali yatakuwa maneno. Nilikwenda kukaguliwa na askari wa usalama barabarani, kisha TRA, na kikwazo hakikuwa foleni, kilikuwa ile karatasi ya kalamu ya bluu. Ilinibidi nirudi gereji ya kwanza wanipe risiti inayosema 3L. Walinipa. Fedha ya tofauti hawakunipa.

Mabaya yake sasa. Ni mpole kupita kiasi kwenye muda: "kesho asubuhi" yake ni kesho kutwa jioni. Simu hapokei akiwa kazini, na yuko kazini siku nzima. Anapenda kueleza, ukiuliza kuhusu nozeli utaanzishiwa tangu alipokuwa kijana anatengeneza magari ya mradi wa maji. Na anajua anachokijua. Jirani alimpeleka Prado yenye injini ya 1KZ inayochemka, mzee akamwambia wazi hedi zile za aluminiamu hupasuka zikichemka, akampima mapovu, akayakuta, na kazi hakuichukua. Wengine wamechukia hilo. Mimi nimempa alama kwa hilo. Land Cruiser zenye injini ya 1HZ ndizo anazozishika kama mtoto wake, ukiwa nayo nenda bila wasiwasi.

Kitu kimoja kinanikera na hakimhusu. Alipomaliza kazi aliniuliza, kama anayejiuliza mwenyewe: "Ile 5L yako ya kwanza, kompresheni yake ilikuwa ngapi?" Nikamwambia hakuna aliyepima. Akatikisa kichwa, akaendelea kunawa mikono kwa omo na mchanga. Nilipokwenda kufuata risiti niliuliza iko wapi. Waliiuza, iko kwenye gari la mtu Manyoni. Inatembea.

Ukienda, shuka kituo cha Kizota uulize kontena la mzee wa dizeli, bodaboda wote wanapajua. Ijumaa mchana hayupo. Nenda na kadi, na hakikisha betri yako imejaa, maana geji haisemi kweli stata ikivuta kwa uvivu na betri yake ya kuazima ni mbovu kuliko ya kwako.