TAHADHARI: Swichi "orijino" za taa ya breki zinazouzwa kwenye magrupu ya bodaboda ni feki

Wakuu, hasa mnaojifungia spea wenyewe nyumbani, kuna jamaa anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya bodaboda hapa Dar akiuza swichi za taa ya breki ya nyuma. Anadai ni orijino kutoka kwa wakala. Si orijino, na hata kwenye feki hizi ni za daraja la mwisho. Jina la duka silitaji kwa sababu hana duka: leo yuko Kariakoo, ukitaka kumfuata anakwambia amehamia Gerezani, na hela unatuma kwanza ndipo bodaboda akuletee mzigo.

Ujanja wake mkubwa uko kwenye bei. Feki tumezoea kuziona kwa bei ya kutupa, lakini huyu anauza karibu sawa na dukani, anapunguza kidogo tu kama mtu anayekufanyia hisani. Picha anayoweka ni ya spea halali, hadi namba ya spea kwenye boksi inasomeka. Kinachokufikia ni boksi lenye nembo ileile lakini rangi imepauka, na ile stika ya kung'aa ukiigeuzageuza juani haibadiliki rangi hata kidogo. Imeprintiwa tu.

Niliyofunga mimi haikumaliza hata wiki. Kwanza taa ya breki ikawa inawaka muda wote bila kukanyaga, kisha ikafa kabisa. Nikaipasua. Ndani, bati dogo linalogusanisha umeme limeungua jeusi, na plastiki inayolishikilia imelainika ikapinda. Nikaweka sumaku kwenye pini za waya, ikanasa. Yaani ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba. Ile ya zamani niliyoitoa, iliyokula mvua na vumbi miaka yote, pini zake sumaku haizishiki. Na balbu yangu ni ya kawaida tu, volti 12, wati 21 upande wa breki na wati 5 upande wa taa ya usiku. Wati 21 hazifiki hata ampea 2. Swichi inayounguzwa na mzigo huo haikutengenezwa kufanya kazi, ilitengenezwa kuuzwa.

Nilipompigia akajibu, "Spea ya umeme ikishafungwa hairudi kaka, waya zako zina shoti." Hapo ndipo wengi wanakata tamaa, maana nani ana uhakika na waya za pikipiki yake? Msikubali, jambo hilo linapimika. Chomoa soketi ya swichi, washa ufunguo, kisha chukua kipande cha waya uunganishe yale matundu mawili ya upande wa pikipiki. Kwenye Honda nyingi na za Kichina zilizofuata mfumo wake, waya mmoja ni mweusi na mwingine kijani wenye mstari wa njano. Hakuna cha kuungua hapo, unafanya kazi ileile ambayo swichi ingefanya. Taa ikiwaka vizuri, balbu ni nzima, fyuzi nzima, waya zinapitisha umeme. Anayebaki kuulizwa ni swichi. Nilimrekodia video ya kipimo hicho nikamtumia, akanibloku.

Nisimwonee mtu lakini. Taa kutowaka peke yake si ushahidi wa feki. Swichi hii inavutwa na springi iliyofungwa kwenye pedeli, na ikiwa imekaa chini mno, springi haiivuti ikafika. Shika mwili wa swichi usizunguke, zungusha nati mpaka swichi ipande kidogo. Taa iwake pale tu mchezo wa pedeli (ule ulegevu wa mwanzo) unapoisha, breki ikianza kushika. Ukizungusha mwili badala ya nati, waya zinajisokota na kukatika, na hapo jamaa atakuwa amepata kisingizio cha bure.

Kinachoniudhi kuliko hela ni kwamba unaweza kutembea na kitu hiki kibovu bila kujua. Pikipiki nyingi zina swichi mbili, moja kwenye mkono wa breki ya mbele na nyingine huku chini, na yoyote ikigusa taa inawaka. Mtu anafunga, anamwita mtoto asimame nyuma, anabana mkono, mtoto anasema inawaka, kazi imeisha. Barabarani anakanyaga mguu tu, na dereva wa daladala aliyemganda nyuma haoni kitu. Pimeni mguu peke yake, mkono mkiwa mmeuachia.

Kama lazima ununue kwa mtu wa mtandaoni, lipa mzigo ukiwa mkononi. Nenda na kasumaku na mita ya fundi umeme (multimeter). Iweke kwenye mlio, ncha zake zishike pini mbili za swichi: swichi ikitulia mita isilie, ukivuta ilie, ukiachia inyamaze palepale. Rudia mara nyingi, kwa sababu hizi feki mara za kwanza zinajitahidi. Muuzaji akianza kusema unamharibia spea, mrudishie. Na dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Mimi nilipewa kikaratasi cha kalamu kisicho hata na mhuri.

Mliokwisha kupigwa, msitupe boksi wala swichi, na tunzeni ujumbe wa muamala. Kuuza bidhaa yenye nembo ya kughushi ni kosa chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na malalamiko yanapokelewa na Tume ya Ushindani, FCC. Kuhusu kumtambua, laini za simu anabadilisha kila mara kwa hiyo msizitegemee. Picha ndiyo habadilishi: boksi juu ya meza ya kioo, na kalamu ya bluu imelala pembeni.